Gari la mtu au gari la kampuni? Hesabu za kukodi Sumbawanga

MAHINDI yakishakauka Ufipa, kitu cha kwanza kuadimika mjini Sumbawanga si gunia wala fedha, ni gari. Kuanzia Juni hadi Oktoba kila mwenye mtaji anataka kufika Laela, Matai, Muze, Mtowisa au Kirando kabla ya mwenzake, akague mzigo, apatane bei na wakulima, kisha aite Fuso lije kubeba. Asiye na gari lake hukodi. Swali linalomkabili ni moja: akodi gari la mtu binafsi pale pale mjini, au aagize gari la kampuni kutoka Mbeya?

Wengi hujibu haraka kwamba gari la mtu ni rahisi. Jibu hilo ni sahihi, lakini ni nusu ya hesabu. Nusu ya pili huonekana siku gari linapokatika breki kwenye mteremko, au polisi wa usalama barabarani wanapouliza mbona kibao ni cha njano na abiria wamelipa. Aidha, upande wa pili wa biashara hii wako wenye akiba ndogo: walimu, wauguzi, wastaafu na wenye maduka, wanaonunua gari kwa nia ya kulikodisha. Nao wana hesabu yao, na mara nyingi hawaipigi mpaka deni la benki lianze kuuma.

Ardhi yenyewe ndiyo inayopanga bei

Mfanyabiashara anayetaka kuelewa bei ya gari Ufipa sharti aanze na ramani. Mji wa Sumbawanga uko juu ya uwanda wenye mwinuko unaokaribia mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na milima ya Mbizi iko juu zaidi. Mashariki ardhi inaporomoka hadi bonde la Ziwa Rukwa, na magharibi hadi Ziwa Tanganyika. Maziwa yote mawili yako kwenye mwinuko wa takriban mita 800. Kwa hiyo gari linaloshuka kwenda Muze au Kirando linapoteza mita 1,000 za kimo, na likirudi na mzigo linazipanda tena. Breki, klachi na matairi huliwa na milima hiyo kuliko kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi.

Barabara kuu ni habari nyingine. Ile ya Tunduma hadi Sumbawanga, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 220, ilijengwa kwa lami kwa fedha za Shirika la Changamoto za Milenia la Marekani (MCC), chini ya mkataba uliotiwa saini Februari 2008 na kumalizika mwaka 2013. Kabla ya hapo safari hiyo ilikuwa ya kutwa nzima, na wakati wa masika hakuna aliyethubutu kutaja saa ya kufika. Barabara ya Sumbawanga kwenda Matai na bandari ya Kasanga, yenye kilomita 112, nayo ilijengwa kwa lami.

Lami ilibadili aina ya gari linalohitajika. Zamani bila Land Rover au Land Cruiser hapakuwa na safari. Sasa mtu wa Laela au Matai anaweza kwenda na Probox au Noah na kurudi jioni. Ila anayeteremka bondeni wakati wa mvua, Novemba hadi Aprili, bado anahitaji gari la magurudumu manne yanayovuta, na magari ya namna hiyo mjini ni machache.

Biashara hii ilikotoka

Mpaka katikati ya miaka ya 1980, magari mengi ya Rukwa yalikuwa ya serikali, ya misheni, ya ushirika na ya mashirika ya umma. Mahindi ya Ufipa yalinunuliwa kwa mpango wa serikali na kupelekwa kwenye maghala ya Shirika la Usagishaji la Taifa (NMC). Mfanyabiashara binafsi aliyetaka kwenda kijijini aliomba lifti, na kuomba lifti si kukodi. Mwenye gari ndiye aliyeamua siku na saa.

Mambo yalibadilika masharti ya kusafirisha nafaka yalipolegezwa na baadaye kuondolewa, na magari yaliyotumika kutoka Japani yalipoanza kuingia kwa wingi kupitia bandari ya Dar es Salaam. Mtu mmoja mmoja akaweza kununua pikapu au Land Cruiser kuukuu. Siku asiyokuwa na safari, gari likakaa uani. Jirani akaja na fedha mkononi, na soko likazaliwa hivyo, bila ofisi wala bango.

Hadi leo sehemu kubwa ya soko hilo iko hivyo hivyo. Mteja huuliza kijiweni karibu na stendi au gereji. Dalali humpigia mwenye gari, na mwenye gari hutoa bei kwa kutazama nani anakodi, anaenda wapi na mvua imenyesha kiasi gani. Amana hutumwa kwa simu, njia iliyozoeleka tangu M-Pesa ilipoanza Tanzania mwaka 2008. Gari huja na dereva wake. Ni wachache wanaokubali kutoa ufunguo kwa mteja aendeshe mwenyewe, na hao humpa ndugu au mtu wanayemfahamu nyumbani kwao.

Kampuni za kukodisha magari, kwa upande wake, hukaa penye watalii, viwanja vya ndege vikubwa na miradi: Dar es Salaam, Arusha, Zanzibar na, kwa nyanda za juu kusini, Mbeya, ambako uwanja wa Songwe ulianza kazi mwaka 2012. Kutoka Mbeya hadi Sumbawanga ni takriban kilomita 330. Umbali huo ndio adui mkubwa wa kampuni katika soko la Ufipa.

Hesabu ya safari ya siku nne

Chukua mfano wa mnunuzi wa mahindi na maharage anayehitaji Land Cruiser kwa siku nne za kuzunguka bonde la Rukwa. Tarakimu zinazofuata ni za kuhesabia tu. Kila msomaji aweke bei ya siku yake. Bei ya juu ya mafuta hutangazwa na EWURA Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na miji iliyo mbali na bandari hulipa zaidi.

Gari la mtu binafsi la mjini likikodishwa kwa Sh. 150,000 kwa siku, siku nne ni Sh. 600,000. Gari la kampuni la Mbeya likiwa Sh. 200,000 kwa siku, mteja hulipa siku nne za kazi pamoja na mbili za kuja na kurudi, jumla siku sita, yaani Sh. 1,200,000. Hapo bado mafuta ya kilomita 660 ambazo gari halikumfanyia kazi yoyote. Gari likitumia lita moja kwa kilomita sita, ni lita 110, kwa Sh. 3,200 kwa lita ni Sh. 352,000. Jumla Sh. 1,552,000. Mafuta ya bondeni na posho ya dereva ni sawa pande zote, hivyo hayaingii katika kulinganisha.

Tofauti ni Sh. 952,000 kwa safari moja. Mnunuzi anayeshuka bondeni mara sita kwa msimu anaokoa Sh. 5,712,000 kwa kutumia gari la jirani. Fedha hizo ni mtaji wa kununulia magunia mengine, na kwa mfanyabiashara mdogo ndizo zinazotenganisha msimu mzuri na msimu wa kuomba mkopo.

Sasa turufu ya kampuni. Gari la mtu binafsi likiharibika Mtowisa, kwa kawaida hakuna la pili. Tuseme mnunuzi amepatana gunia 200 na anategemea faida ya Sh. 5,000 kwa kila gunia. Akichelewa siku mbili, wenzake wakanunua mzigo ule, amepoteza Sh. 1,000,000. Hiyo ni karibu sawa na alichookoa katika safari moja. Ina maana kwamba hata gari la mtu likimwangusha mara moja katika safari sita, bado yuko mbele kwa zaidi ya milioni nne. Likimwangusha kila safari, ameambulia hasara ndogo na jina baya kwa wakulima.

Kwa hesabu hiyo, safari fupi ya msimu ni ya gari la mtu. Lakini muda ukirefuka, picha hubadilika. Mradi unaohitaji gari kwa siku 60 mfululizo utailipa kampuni siku 62 na mafuta yale yale ya kuja na kurudi, jumla Sh. 12,752,000. Gharama ya kila siku ya kazi inashuka kutoka Sh. 388,000 katika safari ya siku nne hadi takriban Sh. 212,500. Pengo na gari la mtu ambalo lilikuwa Sh. 238,000 kwa siku linabaki Sh. 62,500, na kwa bei hiyo mteja anapata gari mbadala likiharibika, risiti ya mashine ya kodi na mtu wa kumshitaki. Kampuni nyingi hupunguza bei kwa muda mrefu pia, na pengo hupungua zaidi.

Kuna jambo jingine ambalo haliko kwenye karatasi. Gari la mtu binafsi lina mwenyewe, na mwenyewe ana ndugu. Ukitokea msiba Namanyere au harusi Kaengesa katikati ya msimu, mteja anaweza kupigiwa simu: "Samahani kaka, gari nalihitaji kesho." Hapo mazungumzo ya bei yamekwisha, yamebaki ya ubinadamu. Ni vigumu kumkatalia mtu gari lake aende kuzika. Mteja mwenye mzigo unaomsubiri bondeni hujikuta akitafuta gari usiku, kwa bei ya usiku.

Bima ndiko hatari iliko

Kama kuharibika kwa gari kungekuwa hatari pekee, mjadala ungeishia hapo. Hatari kubwa ni ajali, na ajali ni suala la bima.

Tanzania gari la binafsi hubeba kibao cha njano na gari la biashara kibao cheupe. Tofauti hiyo si ya rangi tu. Bima ya gari binafsi huandikwa kwa matumizi ya mwenyewe na familia yake. Gari likikodishwa kwa malipo limetoka nje ya matumizi hayo, na kampuni ya bima inapata sababu ya kukataa dai. Wengi hudhani kwamba bima kubwa inafunika kila kitu. Bima kubwa hufunika uharibifu wa gari lenyewe pamoja na madhara kwa watu wengine, lakini kwa matumizi yaliyoandikwa kwenye mkataba, si kwa matumizi mengine.

Pigia picha Land Cruiser ya Sh. milioni 30 imepinduka kwenye mteremko wa Muze, imebeba mnunuzi, vibarua wawili na dereva. Kibao ni cha njano, bima ni ya binafsi, malipo yalitumwa kwa simu na ujumbe wake upo. Mwenye gari amepoteza milioni 30. Majeruhi wanadai matibabu. Dereva alikuwa wa mwenye gari, hivyo uzembe wake unamrudia tajiri wake. Mteja anasema yeye alikuwa abiria tu. Mwenye gari anasema mteja ndiye aliyelazimisha safari ya usiku. Hakuna karatasi. Faida ya misimu mitano imekwenda katika kona moja.

Sheria haiko kimya juu ya makubaliano ya mdomo. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, ambayo asili yake ni ya mwaka 1961, inamtaka anayekabidhiwa mali ya mwenzake aitunze kama mtu mwenye busara anavyotunza yake. Vile vile, anayekodisha mali kwa malipo anawajibika kwa madhara yatokanayo na ubovu wake, hata kama hakuujua. Mwenye gari anayetoa gari lenye breki mbovu hawezi kujitetea kwamba fundi alimwambia ni zima. Tatizo la makubaliano ya mdomo ni ushahidi: kila upande utakumbuka maneno yanayomfaa.

Leseni nazo zina wenyewe. Magari ya biashara ya kubeba abiria na mizigo huhitaji leseni ya Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019 na kuchukua kazi za usafiri wa nchi kavu zilizokuwa za SUMATRA. Mapato ya kukodisha ni mapato yanayotozwa kodi na TRA. Mwenye gari la njano anayekodisha amesimama upande usiofaa wa mambo hayo yote matatu: leseni, bima na kodi. Bei yake ya chini inatokana kwa sehemu na gharama hizo asizozilipa. Mteja anayefurahia unafuu huo ajue kwamba amejibebesha sehemu ya hatari.

Kwa mteja ambaye ni taasisi, mlango huo umefungwa kabisa. Halmashauri na taasisi za umma hununua huduma kupitia mfumo wa NeST ulioanza kutumika mwaka 2023, na mzabuni lazima awe amesajiliwa. Miradi ya wafadhili nayo hudai risiti ya mashine, mkataba na hati ya bima ya biashara. Ndiyo maana kazi za muda mrefu zinazolipa vizuri huchukuliwa na kampuni za mbali, wakati magari ya Sumbawanga yamepaki uani yakingoja msimu wa mahindi.

Mwenye akiba anapata nini?

Sasa upande wa mwekezaji mdogo. Chukua mtu aliyenunua gari la Sh. milioni 30 na kulisajili kwa biashara kama inavyotakiwa. Katika miezi mitano ya msimu linakodishwa siku 12 kwa mwezi, na katika miezi saba iliyobaki siku nne kwa mwezi. Jumla ni siku 88. Kwa Sh. 150,000, mapato ya mwaka ni Sh. 13,200,000. Wengi huishia hapa na kwenda benki.

Gharama ni hizi, kwa mfano ule ule wa kuhesabia: matengenezo na matairi Sh. 3,600,000, dereva Sh. 20,000 kwa siku za kazi, Sh. 1,760,000, bima kubwa ya biashara kwa asilimia nne ya thamani pamoja na VAT ya asilimia 18, Sh. 1,416,000; leseni na kodi Sh. 900,000. Kisha uchakavu, gharama ambayo haiji na risiti: gari la milioni 30 likiuzwa milioni 12 baada ya miaka sita, limepoteza milioni tatu kila mwaka. Jumla ya gharama ni Sh. 10,676,000. Kilichobaki ni Sh. 2,524,000, sawa na asilimia 8.4 ya mtaji.

Linganisha na hati fungani za serikali. Mwaka 2022 Benki Kuu ilipunguza riba ya hati fungani ya miaka 25 kutoka asilimia 15.95 hadi 12.56, na wengi walilalamika. Hata hiyo iliyopunguzwa inazidi gari la mfano huu, tena hati fungani haibadilishwi matairi wala haipigiwi simu usiku kutoka Ilemba. Ili gari lifikie asilimia 12.56, lazima likodishwe siku 98 kwa mwaka. Ili lisilete hasara tu, siku 69.

Aliyekopa yuko pabaya zaidi. Mkopo wa milioni 30 kwa riba ya asilimia 16 hudai Sh. 4,800,000 za riba pekee katika mwaka wa kwanza. Gari lake lazima lifanye kazi siku 106 ndipo mwaka uishe bila hasara. Kwa siku 88, hata akisahau uchakavu na kuhesabu fedha taslimu tu, baada ya kulipa riba anabakiwa na Sh. 724,000 za kupunguzia deni la milioni 30. Mshahara ndio utakaolipa lililobaki. Gari likilala gereji mwezi mmoja wa msimu, siku 12 zimekwenda. Hata kwa yule asiye na mkopo faida inashuka hadi Sh. 964,000, na bado hajanunua spea.

Hesabu hiyo haisemi kwamba biashara haifai. Inasema kwamba gari lililonunuliwa kwa ajili ya kukodisha peke yake ni gari gumu. Gari ambalo mwenyewe anakuwa nalo kwa shughuli zake, mfano muuza pembejeo anayesambaza mbolea vijijini kabla ya mvua, tayari uchakavu na bima vimebebwa na kazi ya kwanza. Siku za kukodisha ni nyongeza, na nyongeza hiyo ina faida. Ndiyo sababu mwenye duka anaweza kumshinda bei yule aliyenunua gari kwa mkopo wa mshahara, na bado akapata.

Somo kutoka Marekani

Jambo hili si la Ufipa peke yake. Kampuni ya Hertz, iliyoanza Chicago mwaka 1918 na magari dazeni moja ya Ford, ilikua kwa kumiliki magari kwa maelfu. Wasafiri walipotoweka wakati wa ugonjwa wa korona mwaka 2020, magari yalibaki yamepaki na madeni yakaendelea kutembea. Mei mwaka huo iliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai, na ikatoka katika hali hiyo mwaka 2021. Gari lililosimama hula kama linalotembea, na hilo analijua kila mwenye pikapu Sumbawanga mwezi wa Februari.

Upande wa pili iko Turo, iliyoanza mwaka 2010 kwa jina la RelayRides. Haimiliki magari, inawakutanisha wenye magari na wanaotaka kukodi. Ukitazama vizuri, kinachouzwa pale ni zaidi ya gari: ni bima ya siku za kukodi, uhakiki wa leseni ya mteja, na kumbukumbu ya nani aliharibu nini. Dalali wa stendi ya Sumbawanga anafanya theluthi moja ya kazi hiyo, ile ya kukutanisha. Theluthi mbili zilizobaki hazina mwenyewe, na hapo ndipo fedha za watu hupotelea.

Njia ya katikati

Kati ya gari la njano la mdomo na gari la kampuni lililo umbali wa kilomita 330, ipo njia ya tatu. Wenye magari wanne au watano wanaweza kusajili kampuni au ushirika wao, wakahamishia magari kwenye kibao cheupe, wakakata bima ya biashara na leseni, na wakawa na mashine moja ya risiti. Gari la mmoja likiharibika, la mwenzake linashuka bondeni. Bei yao itapanda, labda kutoka Sh. 150,000 hadi Sh. 170,000 kwa siku, lakini kwa mteja wa siku nne hiyo ni Sh. 680,000 dhidi ya Sh. 1,552,000 za gari la mbali. Na mlango wa zabuni za miezi mingi, ambao sasa umefungwa, unafunguka. Siku 98 zinazohitajika kushinda hati fungani zinaweza kupatikana katika mkataba mmoja wa mradi pamoja na mwezi mmoja wa msimu.

Kwa mteja anayekodi leo, mambo ya kukagua hayamalizi nusu saa. Atazame kadi ya gari ina jina la nani, na kama anayekodisha ndiye au ana idhini. Ahakiki stika ya bima kwenye mtandao wa TIRA na asome imeandikwa kwa matumizi gani. Aangalie kwenye mfumo wa polisi kama gari lina deni la faini, maana gari lenye madeni linaweza kuzuiliwa njiani na mzigo wake. Akague breki, matairi, tairi la akiba na jeki, kisha apige picha michubuko yote mwenye gari akiwepo.

Makubaliano yaandikwe, hata kwenye ukurasa mmoja wa daftari wenye saini mbili na shahidi: siku na saa ya kuanza na kumaliza, njia itakayopitwa, kwa kuwa bei ya Laela si bei ya Muze, nani analipa mafuta, na tanki lilikuwa na kiasi gani, nani anamlisha dereva, nani anagharimia pancha, na nani anagharimia injini, mwisho wa kutembea usiku, na kitakachorudishwa mwenye gari akilihitaji kabla ya siku. Mteja anayetaka kuvuka mpaka wa Kasesya kwenda Mbala, Zambia, apate idhini ya maandishi ya mwenye gari na kadi ya njano ya COMESA, la sivyo safari itaishia forodhani.

Mwenye gari naye ajiulize swali moja kabla ya kutoa ufunguo: gari hili lisiporudi, nani atanilipa? Kama jibu ni bima, aitoe hati aisome. Kama jibu ni mteja, aulize mteja ana nini. Kama hakuna jibu, basi hajakodisha gari kwa Sh. 150,000, ameweka rehani milioni 30 kwa bei hiyo.

Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari. Kwa safari fupi za msimu, gari la Sumbawanga linashinda bei na litaendelea kushinda. Umbali wa Mbeya hauwezi kupunguzwa. Kwa kazi ya miezi, kampuni inastahili bei yake. Kwa mwenye akiba, gari ni biashara pale tu linapokuwa na kazi ya pili, au wenzake wa kushirikiana nao. Msimu ujao wa mahindi magari yataadimika tena, na atakayekuwa ameshapiga hesabu mapema, mteja au mwenye gari, ndiye atakayepanga bei. Wengine watapangiwa.